Pweza Gereji

Ourense, mji wa bara usioiona bahari,
wana msemo: kama pweza gereji.
Humsema hivyo mtu aliyekaa pasipo pake,
mikono mingi, pa kushika hapana.

Sisi tungesema mgeni kuku mweupe,
na tungekuwa tumesema jambo jingine.
Kuku mweupe ni habari ya macho ya wenyeji.
Pweza ni habari ya mikono yake mwenyewe.

Uxía aliusikia Jumatatu,
siku ya tisa tangu wamzike baba yake.
Miaka kumi na minane kafundisha Kilatini,
anajua kitenzi kinavyovunjwa na kuungwa,
na sasa karithi jeki mbili,
shimo la kuingilia chini ya magari,
mafundi watatu, deni la matairi,
na kalenda iliyogoma Machi ya mwaka mwingine.

Alisimama na koti lake la kijivu.
Fuco, fundi mkuu, akaomba spana ya kumi na tatu;
akampa ya kumi na nne.
Akaomba gasketi;
akampa mkanda.
Nyuma ya Pijo iliyoinuliwa mtu akasema,
si kwa sauti kubwa,
"Pweza gereji,"
na wenzake wakacheka kwa pua
kama wanaocheka msibani.

Msemo huu una adabu yake, nao waliikiuka.
Ukijisemea, umeomba radhi na umesamehewa:
"Mniwie radhi, mimi hapa pweza gereji,"
na mtu atakuvutia kiti.
Ukisemewa usoni, ni kofi.
Ukisemewa nyuma ya gari, ni kofi lililovaa glavu.
Na mtoto haambiwi siku ya kwanza ya shule,
maana ataanza kuihesabu mikono yake.

Jioni akaenda kwa shangazi Eladia,
anayechemsha pweza kila siku ya soko,
sufuria la shaba, mvuke mpaka kwenye nyusi.
Shangazi hakumpa pole. Alimpa mkasi.
"Kata minyiri. Nyembamba zaidi.
Hao mafundi wako wamewahi kumwona pweza mzima?
Mimi nilimwona mmoja, kwenye ndoo ya mvuvi.
Hakuduwaa hata kidogo.
Alishika mpini, akashika kamba, akashika saa yangu,
na kila alichoshika alikionja,
maana yule huonja kwa mikono.
Mwisho akafungua kifuniko.
Ana mioyo mitatu. Mmoja ukiogopa,
miwili inaendelea na kazi."
Akanyunyiza chumvi.
"Hilo la kuogopa sina hakika nalo.
Lakini kifuniko nilikiona."

Asubuhi Uxía alivua koti, akavua na glavu.
Akashika.
Grisi, ubaridi wa jeki, meno ya gia,
plagi nne zilizoungua kwa namna nne.
Akanusa oili safi na oili chafu,
kisha (Fuco aliona, akanyamaza)
akagusisha kidole kwenye ulimi.
Kumi na tatu akaijua kwa uzito.
Gasketi akaipa jina la Kilatini la kubuni
na kabla ya Pasaka mafundi walikuwa wakiliita hivyo
bila kucheka.
Fundi hakuwa. Deni la matairi lipo hadi leo.

Oktoba, Fuco akaitwa kwa mwanasheria:
karatasi imeonekana,
marehemu kamwachia theluthi ya gereji.
Zulia jeupe. Kalamu iliyofungwa mnyororo.
Alikuwa amesugua mikono kwa unga wa mbao,
na bado weusi ulikuwa umelala ndani ya mistari ya viganja.
Akaiweka mapajani. Akaiweka mezani.
Akairudisha mapajani.

Uxía alikuwa na ule msemo tayari mdomoni,
umeiva, wa moto.
Akaumeza.
Akamsogezea kalamu:
"Kumi na tatu, hii hapa."

Fuco alicheka, safari hii kwa mdomo,
akasaini polepole,
kisha akapitisha kiganja chini ya ile meza
kama anayetafuta panapovuja.